Dundumio

Mwezi wa pili, joto la Magomeni
linakaa hata juu ya sindano,
kila mtu anajipepea; lakini mimi
nilikuwa na Februari yangu ndani ya Februari.
Nilijimwagia ndoo ya maji saa nane usiku,
nikarudi kwenye cherehani nimelowa,
nikashona kola sita kabla ya adhana ya alfajiri
na zote sita nikazifumua.

Nilikula. Mungu shahidi, nilikula
ugali wa watu wawili na kiporo cha asubuhi,
na sketi bado iliniteleza kiunoni,
nikaifunga kwa lastiki ya mteja.
Uzi ulikataa tundu la sindano.
Si uzi. Vidole.
Nilivikalia kama mtoto anayekalia siri.

Wifi Mwajabu akasema nimepandisha.
Mama Tulizo wa chumba cha uani akasema ni ukomo wa hedhi,
ingawa nina miaka thelathini na minne.
Mume wangu Mbaruku hakusema kitu,
alihamisha tu kisu cha mboga
kutoka mezani hadi juu ya kabati.
Niliona.

Kisha ile Jumapili ya pilau,
sahani bado mikononi mwa watu,
nikamwambia shemeji Hamdani mbele ya mama yake:
laki nne na nusu. Miaka mitatu.
Hukuzisahau, umezikalia.
Moyo ulipiga shingoni, masikioni, kwenye ufizi.
Hakuna aliyemeza.
Mimi huyu, niliyelelewa kuazima chumvi kwa kunong'ona.

Muhimbili nilingoja kwenye benchi la chuma tangu saa kumi na mbili.
Daktari Nyamizi, kucha fupi, mikono baridi,
akasimama nyuma yangu, akanishika koo
kama anayebonyeza parachichi sokoni. Meza mate.
Nikameza. Kitu kikapanda, kikashuka.
"Huyu hapa," akasema, kama amemkuta mtoro.

Tezi dundumio. Nilicheka: jina kama la ngoma.
Akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara
kipepeo aliyelala juu ya koromeo,
hana mfereji, hana mlango,
anamwaga maagizo yake moja kwa moja kwenye damu,
na damu haiulizi, inapeleka,
kwa moyo: kimbia; kwa utumbo: maliza;
kwa usingizi: toka.
Juu, chini ya ubongo, yuko msimamizi wake,
tezi ndogo kama njegere.
"Huyo amenyamaza siku nyingi," akasema.
"Akiona kazi imezidi hunyamaza.
Lakini huyu wako hasikii ukimya."

Vidonge vitatu, mara moja kwa siku.
Wiki ya sita uzi ukaingia tunduni kwa mara ya kwanza.
Nikalala hadi jogoo wa Mama Tulizo akachoka.
Kisu kikarudi mezani, bila hotuba.
Na nyumba nzima ikapumua: kumbe ilikuwa tezi!
Mama mkwe akanikumbatia, akanisamehe
yote, na lile la laki nne na nusu
akalifunga humo humo, kwenye kifurushi cha ugonjwa.
"Hayakuwa maneno yako, mwanangu."

Nimelifikiria hilo nikipiga pasi.
Joto lilikuwa la tezi. Mtetemeko, wa tezi.
Zile kelele, na kijiko nilichokirusha, naviombea radhi,
ingawa sijui naomba kwa niaba ya nani.
Lakini hesabu?
Tezi haijui kuhesabu.
Tezi haikuwepo Kariakoo
nilipouza cherehani yangu ya pili
ili Hamdani alipe malipo ya kwanza ya bajaji.

Jana nilimpigia simu. Sauti ya chini,
mapigo sabini na mawili kwa dakika, nilipima kwanza.
"Shemeji, hujambo? Laki nne na nusu."
Akacheka: "Dawa unameza lakini?"
"Nameza," nikasema. "Nakusubiri."

Leo kaja na bahasha. Nimezihesabu mlangoni,
nikilamba kidole, noti kwa noti.
Zimepungua elfu ishirini.
Nimeviangalia vidole vyangu: vimetulia kabisa.
Nimemwambia.